Nimeandika mifumo mitatu kwenye tepu moja, restore inaona mmoja tu

Swali: Habari mtaalamu. Nina seva ya Linux yenye draivu ya LTO-6 (aina ya tepu za kuhifadhia nakala). Kila Jumamosi usiku naendesha `dump` (programu ya kunakili mfumo mzima wa faili) mara tatu: ya `/home` (GB 400), ya `/srv` (GB 900), kisha ya `/var` (GB 60), zote kwa `-f /dev/st0`. Yote ni mifumo ya faili ya ext4 juu ya LVM (tabaka la Linux la kugawa diski). Hakuna kosa lolote linaloonyeshwa. Majuzi nilihitaji faili moja la `/srv`, lakini `restore`, programu ya kurejesha nakala za `dump`, ilinionyesha `/var` peke yake. Je, data ya `/srv` bado ipo kwenye tepu? Na nipange vipi kazi hii isijirudie, pamoja na nakala za kila siku?

Jibu: Habari mbaya itangulie. Kwenye tepu hiyo `/home` na `/srv` hazipo tena kwa namna unayoweza kuzifikia, kwa hiyo usipoteze usiku kuzitafuta. Na kama tepu za Jumamosi nyingine ziliandikwa kwa njia hiyo hiyo, nazo zina `/var` tu. Bahati ni kwamba mifumo yenyewe iko hai kwenye diski. Leo, kabla ya jambo jingine lolote, andika nakala kamili mpya kwa utaratibu ulio hapa chini.

Kilichotokea ni hiki. Linux huipa draivu moja ya tepu majina mawili. Ukitumia `/dev/st0`, tepu hurudishwa mwanzo kila mara programu inapomaliza na kulifunga faili la kifaa. Ukitumia `/dev/nst0`, tepu hubaki pale ilipofikia. Kwa hiyo `dump` yako ya kwanza iliandika `/home`, tepu ikarudi mwanzo. Ya pili ikaandika `/srv` juu ya `/home`, tepu ikarudi mwanzo. Ya tatu ikaandika `/var` juu ya `/srv`. Hakuna kosa lililoonyeshwa kwa sababu kila amri ilifanya sawasawa ilichoambiwa.

Utajiuliza: `/var` ni GB 60 tu, si GB 840 za `/srv` zimesalia mbele yake? Kwenye utando wa sumaku huenda zipo, lakini draivu inapomaliza kuandika huweka alama ya mwisho wa faili na baada yake huhesabu kwamba data imekwisha. Draivu ya LTO haikubali kusoma kupita mwisho wa data. Ukijaribu `mt fsf` (`mt` ni amri ya kuendesha tepu) kwenda mbele utapata kosa na hutavuka.

Shika jambo moja hapa: `dump` haijui tepu ina nini wala haiulizi. Huandika pale kichwa cha draivu kilipo. Kujua kichwa kiko wapi ni kazi yako, kabla ya kila uandishi, bila kukisia.

Kujua uliposimama

Sakinisha vifurushi vya `dump` (huja na `restore`, baadhi ya mifumo huvitenganisha) na `mt-st`. Angalia hilo la pili vizuri: kwenye Debian na jamaa zake kuna pia `mt` inayotoka kwenye kifurushi cha `cpio`, nayo haina amri kadhaa utakazohitaji, ikiwemo `setblk`. Kisha uliza hali:

    mt -f /dev/nst0 status

Mistari miwili ndiyo ya kusoma. Mmoja unasema `File number=0, block number=0`, yaani uko faili la ngapi na bloki ya ngapi. Wa mwisho una vifupisho: `BOT` ni mwanzo wa tepu, `EOF` ni kwamba uko kwenye alama baada ya faili, `EOD` ni mwisho wa data, `ONLINE` ni tepu iko tayari, `DR_OPEN` ni hakuna tepu, na `WR_PROT` ni kwamba kitufe cha kuzuia uandishi kwenye kaseti kimesogezwa. Ukiona `File number=-1`, draivu imepoteza hesabu ya mahali ilipo: irudishe mwanzo na uhesabu upya, usiandike chochote.

Amri za kutembea ni chache. `rewind` hurudi mwanzo. `asf 2` hurudi mwanzo kisha huruka hadi faili namba 2. `fsf 1` huruka mbele faili moja kutoka hapo ulipo. `eod` huenda mwisho wa data, pa kuongezea kitu kipya. `offline` hurudisha tepu mwanzo na kuitoa. Mimi nakushauri uzoee `asf` kuliko `fsf`, kwa sababu haitegemei ulikuwa wapi kabla.

Kuna mtego mdogo wa kuhesabu. `mt` huanza kuhesabu faili kutoka 0, lakini `restore` ukiipa `-s` huanza kutoka 1, tena huhesabu kuanzia pale kichwa kilipo. Kwa hiyo faili la pili la tepu ni `asf 1` kwa `mt`, ila ni `-s 2` kwa `restore`, na hiyo ni endapo tepu iko mwanzo kabisa. Ukichanganya zote mbili utatua faili jingine. Chagua `mt asf` na uisahau `-s`.

Na chunga herufi. Ukiandika `-f /dev/nts0` badala ya `nst0`, `dump` haitalalamika kwamba kifaa hakipo. Itatengeneza faili la kawaida lenye jina hilo ndani ya `/dev`, ambayo huishi kwenye RAM, na nakala yako itatoweka mashine ikizimwa. Kwenye skripti weka kizuizi hiki mwanzoni:

    [ -c /dev/nst0 ] || exit 1

Kama seva ina draivu zaidi ya moja, namba 0 na 1 zinaweza kubadilishana baada ya kuwasha upya. Tumia majina ya kudumu yaliyo ndani ya `/dev/tape/by-id/`, yale yanayoishia na `-nst`.

Ukubwa wa bloki

`dump` kwa kawaida huandika rekodi za kB 10. Hiyo ni ndogo mno kwa LTO. Weka `-b 64`, yaani kB 64 kwa rekodi. Kikomo cha `dump` ni 1024, lakini ukubwa mkubwa hivyo unaweza kugombana na kerneli (kiini cha Linux), na faida yake baada ya 64 si kubwa kiasi cha kuhatarisha urejeshaji. Kabla ya kuandika, weka draivu kwenye hali ya bloki zisizo na ukubwa maalumu:

    mt -f /dev/nst0 setblk 0

Ukubwa ulioandikia ndio utakaosomea. `restore` hujaribu kuutambua yenyewe, lakini usiitegemee. Ikijaribu kusoma kipande kidogo kuliko rekodi iliyo kwenye tepu, utapata kosa la `Cannot allocate memory`, na watu hukimbilia kuongeza RAM kumbe tatizo ni `-b`. Andika ukubwa huo kwenye lebo ya kaseti yenyewe, kwa kalamu. Wanaotumia `tar`, programu nyingine ya kunakili faili, wakumbuke kwamba `-b` ya `tar` huhesabu kwa vipande vya baiti 512, hivyo kB 64 ni `-b 128`.

Ubanaji uachie draivu. LTO hubana data yenyewe wakati wa kuandika. Ukiongeza `-z` au `-j` ya `dump` unabana mara mbili: prosesa inachoka, kasi inashuka, na tepu haipati nafasi ya maana. Pia usihesabu kwa namba kubwa iliyochapwa kwenye kaseti. LTO-6 ina TB 2.5 halisi, ile nyingine imekokotolewa kwa kudhani data itabanika mara 2.5, na picha, video na faili za zip hazibaniki. Data yako ni TB 1.36, inaingia kwenye kaseti moja hata isipobanika kabisa.

Usiandike mfumo unaobadilika

`dump` haisomi kupitia saraka kama `tar`. Inasoma inodi (rekodi za maelezo ya kila faili) na bloki moja kwa moja kutoka kwenye diski, chini ya mfumo wa faili. Ndiyo maana haigusi tarehe za kusomwa kwa faili, na ndiyo maana inabeba umiliki, ruhusa na viungo kama vilivyo. Lakini ubaya wake uko hapo hapo: kerneli inaweza kuwa na mabadiliko kwenye kashe ambayo hayajafika kwenye diski, na `dump` itasoma hali ya zamani au hali ya nusu nusu. Mwaka 2001 Linus Torvalds mwenyewe alionya hadharani dhidi ya kutumia `dump` juu ya mfumo uliopachikwa na unaoandikwa. Onyo hilo lichukulie kwa uzito.

Kwa kuwa uko juu ya LVM, dawa ipo: snapshoti, yaani taswira ya mfumo kama ulivyo wakati huo. `lvcreate` inapotengeneza snapshoti ya ext4 iliyopachikwa, kerneli husimamisha uandishi kwa muda mfupi na kumwaga kashe, hivyo unachopata ni mfumo uliotulia.

    lvcreate -s -L 30G -n srv_snap /dev/vg0/srv

GB 30 hizo si nakala ya data. Ni nafasi ya kuhifadhi bloki za zamani zinazobadilishwa wakati kazi inaendelea. Zikijaa, snapshoti hufa, na `dump` itaanza kutoa makosa ya kusoma katikati. Fuatilia safu ya `Data%` kwenye `lvs`. Kama inapita 70 kabla ya kazi kuisha, ongeza ukubwa wiki ijayo. `/var` yenye faili nyingi za kumbukumbu za matukio (log) hujaza haraka kuliko ukubwa wake unavyoonyesha.

Hifadhidata ni jambo la pekee. Snapshoti ya PostgreSQL au MySQL inayofanya kazi ni sawa na hali ya mashine iliyokatikiwa umeme. Kwa kawaida itaamka, lakini toa kwanza nakala kwa chombo cha hifadhidata yenyewe (`pg_dump`, `mysqldump`), iweke kwenye `/srv`, ndipo utengeneze snapshoti.

Sasa jambo ambalo mafunzo mengi hayalisemi. `dump` ikiwa na `-u` huandika kwenye `/etc/dumpdates` saa ambayo yenyewe ilianza, haijui snapshoti ilitengenezwa lini. Tuseme umetengeneza snapshoti zote tatu saa 4:00 usiku, kisha ukaziandika moja baada ya nyingine. Zamu ya `/var` inafika saa 6:20. Faili iliyobadilishwa saa 5:00 kwenye mfumo hai haimo ndani ya snapshoti, kwa hiyo haimo kwenye nakala kamili. Kesho yake nakala ya nyongeza itachukua vilivyobadilika baada ya 6:20 tu. Faili hiyo haiko popote, na hakuna kosa litakalotokea.

Kwa hiyo tengeneza snapshoti ya mfumo mmoja, endesha `dump` papo hapo kwenye mstari huo huo kwa `&&`, maliza, ndipo uende kwa mfumo wa pili. Pengo hubaki la sekunde chache. Ukitaka kuliziba kabisa, `/etc/dumpdates` ni faili la maandishi na linaruhusiwa kuhaririwa: rudisha saa yake nyuma iwe ile ya kabla ya `lvcreate`. Kurudisha nyuma hakudhuru, kutasababisha tu faili chache kuandikwa mara mbili.

Tena, `dumpdates` hutambua mfumo kwa jina la kifaa. Jina la snapshoti liwe lile lile kila mara. Ukilipa tarehe, mfano `srv_snap_0612`, kila nakala ya nyongeza itaonekana ni ya mfumo mpya, na itaandika kila kitu upya.

Uandishi wenyewe

Huu ni mzunguko wa mfumo mmoja, kwenye tepu mpya. Endesha ukiwa root:

    mt -f /dev/nst0 rewind
    mt -f /dev/nst0 setblk 0
    lvcreate -s -L 30G -n home_snap /dev/vg0/home && \
    dump -0 -u -b 64 -L home-n0 \
         -A /root/orodha/home-n0.toc \
         -f /dev/nst0 /dev/vg0/home_snap

`-0` ni ngazi ya nakala kamili. `-L` ni lebo inayoandikwa kwenye kichwa cha nakala, isizidi herufi 15. `-A` huhifadhi kwenye diski orodha ya vilivyomo, ili siku ukitafuta faili usilazimike kupakia tepu sita. Iulize kwa `restore -t -A /root/orodha/home-n0.toc`. Faili hizo za orodha zinakili pia kwenye mashine nyingine, kwani seva ikifa zitakufa nayo.

Utaona maelekezo mengi ya zamani yakiweka `-s` kwa futi za tepu na `-d` kwa msongamano. Yaache. `dump` ya Linux huandika hadi draivu iseme tepu imekwisha, na ukiipa futi za miaka hiyo itakuomba kaseti ya pili wakati ya kwanza bado tupu.

Kwa kasi ya LTO-6 ya MB 160 kwa sekunde, TB 1.36 zako zingechukua kama saa 2 na dakika 20. Hiyo ni pale diski zinapoweza kulisha draivu kwa kasi hiyo. `/home` yenye faili ndogo mamilioni mara nyingi haiwezi. Draivu hujaribu kupunguza mwendo, ila ikifika chini ya kiwango chake inalazimika kusimama, kurudi nyuma kidogo, na kuanza tena. Utasikia kwa masikio: mlio wa kwenda na kurudi badala ya mvumo mmoja. Mwendo huo unachakaza tepu na kichwa, na unazidisha muda. Weka bafa kubwa katikati:

    set -o pipefail
    dump -0 -u -b 64 -f - /dev/vg0/home_snap | \
      mbuffer -m 4G -P 80 -s 64k -o /dev/nst0

`mbuffer` itakusanya hadi asilimia 80 ya GB 4 ndipo ianze kuandika, kwa hiyo draivu inapata vipande virefu vya mfululizo. `-s 64k` lazima ilingane na `-b 64`. `pipefail` iweke bila kukosa, vinginevyo `dump` ikifa katikati, amri nzima itaonekana imefaulu kwa sababu `mbuffer` imemaliza salama. Gharama ya njia hii ni kwamba `dump` haiwezi tena kubadili kaseti katikati ya kazi, hivyo itumie pale tu unapojua data inaingia kwenye kaseti moja.

Hakiki kabla ya kufuta snapshoti

Snapshoti haibadiliki, hivyo ndiyo kipimo bora cha kulinganisha nakala. Ukilinganisha na mfumo hai utapata tofauti mia na hutajua ipi ni kosa la tepu.

    mkdir -p /mnt/snap
    mount -o ro /dev/vg0/home_snap /mnt/snap
    mt -f /dev/nst0 asf 0
    restore -C -b 64 -D /mnt/snap -f /dev/nst0
    echo $?

Jibu la 0 ni kwamba kila kitu kimelingana. 1 ni kosa la tepu. 2 ni kwamba kuna faili zinazotofautiana au zisizoonekana, na kwenye snapshoti isiyoguswa hilo halitakiwi kutokea. Ikishapita:

    umount /mnt/snap
    lvremove -f /dev/vg0/home_snap
    mt -f /dev/nst0 eod
    mt -f /dev/nst0 status

Hali ikisema `File number=1`, uko mahali sahihi pa kuandika `/srv`. Ikisema 0, simama. Rudia mzunguko bila ile `rewind` ya mwanzo, kwa `/srv` (ambayo itahakikiwa kwa `asf 1`), kisha `/var` (`asf 2`). Ndiyo, kusoma tepu yote tena kunaongeza saa mbili au zaidi. Wala usikuruke. Tepu yako iliandikwa wiki hadi wiki bila kosa, na ni siku ya kusoma ndipo ukweli ulipojulikana.

Nakala za kila siku

Kwa desturi ngazi huenda 0 hadi 9, na kanuni ni moja: ngazi fulani huchukua kila kilichobadilika tangu nakala ya karibuni yenye ngazi ndogo kuliko yake. Kuna mpango maarufu kwenye mwongozo wa `dump` unaokwenda 3 2 5 4 7 6 9 8, ambao huokoa tepu. Mimi siupendekezi kwa seva moja yenye mtu mmoja wa kuiangalia. Siku ya dharura utahitaji kukokotoa tepu zipi na kwa mpangilio upi, na kichwa hakitakuwa kimetulia.

Chukua huu: ngazi 0 Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ngazi 1 Jumamosi nyingine, ngazi 2 siku zilizobaki. Kwa kuwa ngazi 2 kila siku inahesabu kutoka ngazi 1 ya mwisho (au 0, kama ngazi 1 ya mwezi huo haijafika), kurejesha hakuhitaji zaidi ya nakala tatu: 0, 1 ya mwisho, 2 ya mwisho. Za kila siku ziongeze kwenye tepu moja ya wiki kwa `mt eod` kabla ya kila uandishi, na kila usiku andika kwenye daftari au faili: tarehe, namba ya kaseti, namba ya faili, mfumo, ngazi, `-b`.

Nakala za nyongeza zina dalili moja ya kuangalia. `dump` inapoanza ngazi 1 huandika mstari unaotaja tarehe ya nakala ya ngazi 0 iliyotangulia. Mstari huo ukikosekana, au ukisema `the epoch`, maana yake haikupata rekodi kwenye `dumpdates` na inaandika mfumo mzima. Sababu huwa jina la kifaa limebadilika, au `-u` ilisahaulika mara iliyopita, au kazi ile haikukamilika, kwani `-u` huandika tarehe pale tu kazi inapofaulu.

Ukiiweka kwenye cron (kipanga ratiba cha Linux), kumbuka kwamba tepu ikijaa `dump` hutaka kuuliza mtu, na kwenye cron hakuna terminali ya kuulizia. Itakatiza kazi yote. Soma msimbo wake wa kutoka: 0 imefaulu, 1 imeshindwa kuanza, 3 imekufa katikati. Skripti itume barua kwa chochote kisicho 0.

Siku ya kurejesha

Kwa faili moja, tembea hadi faili lake la tepu na uingie kwa njia ya mazungumzo, ukiwa kwenye saraka tupu:

    mkdir /srv/rejesha && cd /srv/rejesha
    mt -f /dev/nst0 asf 1
    restore -i -b 64 -f /dev/nst0

Ndani yake tumia `ls` na `cd` kutafuta, `add` kuchagua, `extract` kutoa. Itakuuliza namba ya kaseti. Kwa nakala ya kaseti moja jibu 1. Mwishoni itauliza kama ibadilishe umiliki na ruhusa za saraka uliyosimama. Jibu `n`, maana upo kwenye saraka ya muda.

Kwa mfumo mzima, tengeneza ext4 mpya, ipachike, ingia ndani yake kwa `cd`, kisha endesha `restore -r -b 64 -f /dev/nst0` kwa ngazi 0, halafu 1, halafu 2, kwa mpangilio huo. `-r` humwaga kila kitu pale uliposimama, hivyo hakikisha kwa `pwd` kabla ya kubonyeza. Utaona faili linaloitwa `restoresymtable`. Hilo ndilo linalounganisha ngazi moja na inayofuata. Usilifute mpaka ngazi ya mwisho imalizike.

Makosa utakayokutana nayo: `Tape is not a dump tape` mara nyingi ni kichwa kipo katikati ya faili au kwenye faili la `tar`, rudia `asf`. `Read-only file system` wakati wa kuandika si ugonjwa wa diski, ni kitufe cha kaseti kimefungwa. `Device or resource busy` ni programu nyingine imeishika draivu; itafute kwa `fuser -v /dev/nst0`. `Input/output error` soma `dmesg`, halafu `tapeinfo` kwa kifaa cha `/dev/sg` cha draivu hiyo. Ikiwa kuna onyo la usafi, ingiza kaseti ya kusafishia mara moja kisha jaribu kaseti nyingine. Kosa likifuata kaseti, itupe kaseti. Likibaki na draivu, tatizo ni draivu au kebo.

Mwisho wa mwezi kaseti ya ngazi 0 itoke kwenye jengo, isimamishwe wima ndani ya kasha lake, penye ubaridi wa nyuzi 16 hadi 25 na pakavu. Kitufe chake kifunge. Na kwa kuwa `dump` haifungi data kwa siri yenyewe, kaseti inayotoka nje ipitishe kwenye `gpg` kabla ya `mbuffer`, au tumia usimbaji wa draivu ambao LTO imekuwa nao tangu LTO-4, huwashwa kwa `stenc`. Ufunguo usikae kwenye seva ile ile tu.

Kama siku moja utahamia mfumo wa faili wa XFS, `dump` haitafanya kazi. Tumia `xfsdump` na `xfsrestore`, zenye ngazi zile zile 0 hadi 9, ila zenyewe hutaka mfumo uwe umepachikwa. Habari ya `st0` na `nst0` haibadiliki huko.